Dakika Arobaini na Tisa

Nilipofika pale chini walikuwa wameshamvua viatu. Mtu wa Eastlands akisoma sentensi hiyo hahitaji maelezo. Ukiona kijana amekalishwa chini kando ya geti, soksi zinaonekana, na watu wamesimama bila kuongea sana, unajua mambo yamefika wapi na yanaweza kuelekea wapi.

Mimi niliitwa kwa sababu ya kamera. Kwenye ploti yetu hapa Umoja mimi ni "kijana ya WiFi". Nina rauta moja juu ya paa, waya zinashuka ghorofa tano, na watu wananunua vocha ya siku au ya wiki. Natumia hela hizo kulipia keja huku naandika makala za watu. Mtu wa WiFi kwa mawazo ya majirani ni mtu wa kila kitu chenye taa ndogo ya kijani, kwa hivyo hata DVR ya landilodi ikigoma naitwa.

Kisa kilikuwa hivi. Dada wa ghorofa ya tatu alitoka kwenda mazoezi ya kwaya, akarudi kama saa tatu usiku, akakuta kufuli imekatwa, mtungi wa gesi hakuna, laptopu hakuna. Keateka akafungua DVR. Kamera ya ngazini ikamwonyesha dada akishuka 18:31. Kisha 18:51, dakika ishirini baadaye, anapanda kijana wa ghorofa ya nne akiwa na begi kubwa mgongoni. 19:05 anashuka na begi lile lile. Na kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti kulikuwa na ujumbe wa jirani, umetumwa saa 7:35 PM: "Mwenye namba 12 umeacha mlango wazi?" Hakuna aliyejibu.

Ukipanga hivyo, hadithi imejiandika. Dada anatoka, kijana anapanda, kijana anashuka na mzigo, nusu saa baadaye mlango unaonekana wazi.

Kijana mwenyewe alikuwa anarudia jambo moja tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kulirudia: "Mimi saa hiyo nilikuwa tao." Akaonyesha M-Pesa ya nauli, 6:48 PM. Mtu mmoja akasema M-Pesa haisemi ulikuwa wapi, nauli unaweza kumlipia mtu mwingine hata ukiwa kitandani. Na kweli haisemi. Ndipo akanigeukia mimi. "Buda, si WiFi yako inaonyesha niliingia saa ngapi? Simu yangu hukonekti yenyewe nikifika geti."

Nikafungua logi ya rauta kwenye simu yangu mbele ya watu. Simu yake ilikuwepo, tena jina lake zuri tu. Tarehe ilisema Januari 1970.

Nitaeleza kwa nini, maana hii ndiyo sehemu iliyonikosesha usingizi. Rauta nyingi za bei yetu hazina betri ya kutunza saa. Stima ikipotea, saa inakufa. Ikiwaka tena, rauta inaanza kuhesabu kutoka mwanzo wa kalenda ya Unix, tarehe 1 Januari 1970 au hapo karibu, mpaka ipate intaneti na kuuliza seva fulani huko nje: sahii ni saa ngapi? Jioni ile stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Ilirudi, lakini faiba ya kampuni inayotuuzia intaneti haikurudi mpaka usiku wa manane. Kwa hivyo rauta yangu ilikuwa imekaa hapo saa nzima na zaidi ikiandika kila kitu kwa uaminifu, simu ya nani imeingia, ya nani imetoka, ikiwa mwaka 1970.

"Unaona," keateka akasema, "hata mashine yake haijui."

Sijui ni nini kilinifanya nitazame saa ya DVR. Labda aibu tu, nilikuwa natafuta pa kuweka macho. Kwenye kona ya skrini iliandikwa 21:17. Simu yangu ilisema 10:06 PM. Nikapiga hesabu polepole: dakika arobaini na tisa.

Nikasema, "Mzee, hii saa imechelewa."

"Hiyo saa iko sawa. Mimi mwenyewe niliiweka."

"Uliiweka lini?"

"Siku nyingi."

Nilirudisha picha nyuma hadi 18:43. Ukitazama saa pekee huoni kitu, inaenda 18:43 tu kama kawaida, hakuna pengo. Lakini ukitazama picha, kuna kuruka. Sekunde moja dirisha la ngazini lina mwanga wa jioni, sekunde inayofuata ni giza la usiku kabisa na taa ya umeme inawaka. DVR ile ilikuwa na betri ndogo ya kitufe iliyokufa. Stima ilipoenda, ilizimika ikiwa 18:43. Stima iliporudi, ikaendelea kuhesabu kutoka pale ilipokuwa imeachia, kama mtu aliyezimia kisha akaamka na kumalizia sentensi. Muda wote wa giza haukuwepo kwa hesabu yake.

Keateka akaniambia nimeibadilisha saa sasa hivi kwa kubonyeza-bonyeza. Watu wawili watatu wakaitikia. Hapo nilihisi baridi, kwa sababu kutoka kuwa shahidi mpaka kuwa mshirika ni hatua ndogo sana.

Kilichotuokoa ni 1970. Logi yangu haikujua tarehe, lakini ilijua muda umepita kiasi gani tangu iwake. Simu ya kijana iliingia dakika nane na kitu baada ya rauta kuwaka. DVR nayo ilimwonyesha kwenye ngazi dakika nane baada ya ile 18:43. Saa mbili, zote mbovu, kila moja mbovu kwa njia yake, na zote zinasema nane. Kilichobaki ni kujua stima ilirudi saa ngapi, na hilo liko kwenye grupu ya ploti kila wakati, kwa sababu kuna mathe mmoja ambaye stima ikirudi lazima aandike. 7:32 PM: "Imerudi, Mungu ni mwema." Thelathini na mbili jumlisha nane. Kijana alipanda ngazi 7:40 PM, saa mbili kasoro dakika ishirini usiku. Mlango ulikuwa umeonekana wazi 7:35.

Ujumbe ule ule uliokuwa unamfunga ndio ukamfungua. Mwizi alipita katika zile dakika arobaini na tisa za giza ambazo hakuna mashine iliyokuwa macho.

Walimrudishia viatu. Hakuna aliyesema pole, watu walianza tu kukumbuka wana vyombo vya kuosha. Yeye alivivaa bila kufunga kamba, akapanda juu.

Mimi nilibaki na kitu kingine. Kama mathe yule angelala mapema siku hiyo, au kama simu yake ingekuwa imezima chaji, ningekuwa na logi ya 1970 na maneno matupu. Nilikuwa nauzia watu muda, vocha ya saa ishirini na nne, na sikuwa na saa.

Kesho yake nikaanza kusoma. Chuoni, kabla sijaacha, jambo hili la mashine kupatanisha saa lilipita kama nusu slaidi kati ya mada mbili za mtihani. Kumbe kuna mtu aliyelitolea maisha. Anaitwa David Mills, wa Chuo Kikuu cha Delaware huko Marekani. Mwaka 1985 alichapisha maelezo ya kwanza ya NTP, utaratibu ambao karibu kila kompyuta duniani inautumia kuulizana saa. Alikuwa na shida ya macho tangu utotoni na mwishoni akapofuka kabisa. Alifariki Januari 2024. Kilichonishika zaidi ni msamiati wake. Kwa Mills, saa inayokubaliana na zenzake ni saa ya kweli, na ile inayojitenga ni mwongo, na programu inatakiwa kusikiliza kadhaa, kuwatambua waongo, na kuwaweka kando. Ukiwa na chanzo kimoja huwezi kujua kama kinakudanganya. Vikiwa viwili na vikapishana, huwezi kujua ni kipi. Kuanzia vitatu ndipo mazungumzo yanaanza. Nilisoma hayo nikamkumbuka kijana akiwa na soksi.

Shida ya Umoja ni kwamba mashahidi wote wako upande wa pili wa faiba. Faiba ikikatika, na hukatika, unabaki na saa zako mwenyewe. Sekunde rasmi ya taifa inatunzwa na KEBS pale South C, matatu mbili tu kutoka hapa, lakini bila intaneti South C na mwezini ni mamoja. Kuna njia moja tu ya kupata saa ya uhakika bila kupitia kwa mtu: juu.

Setilaiti za GPS tunazifikiria kama ramani, kumbe ni saa zinazozunguka. Kila moja imebeba saa za atomiki, iko kama kilomita 20,200 juu yetu, na kazi yake kubwa ni kutangaza ni saa ngapi. Simu inajua iko wapi kwa kulinganisha tangazo la hii na la ile limechelewa kiasi gani kufika. Huko juu saa zinakimbia kuliko za huku chini kwa takriban mikrosekunde 38 kwa siku, kama Einstein alivyotabiri, na zinapangwa kufidia hilo. Hulipii kitu. Hakuna bando. Hata mtaa mzima ukiwa gizani, juu ya paa zinapita tu.

Nilinunua kipokezi cha GPS Luthuli Avenue, kile kidogo chenye chipu ya NEO-6M, na nilikuwa na Raspberry Pi ya zamani. Hapo ndipo nilipokutana na tatizo la kwanza. Kipokezi kinatoa habari kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni maneno: kila sekunde kinaandika sentensi yenye tarehe, saa, dakika, sekunde. Lakini kuandika kunachukua muda, kwa hivyo sentensi inafika ikiwa imechelewa, na kuchelewa kwenyewe hakulingani. Njia ya pili ni mpigo wa umeme, mmoja kila sekunde, wanauita PPS. Mpigo huo hauchelewi. Lakini ni mpigo tu, hausemi ni sekunde ipi.

Ni kama matatu. Makanga akigonga bodi, beng, dereva anajua ni sasa hivi, lakini mlio haumwambii ni steji gani. Abiria wa nyuma ndiye anayesema "hapa ni Mutindwa", ila anasema mkiwa mmeshapita kidogo. Unawahitaji wote wawili: abiria akutajie jina, makanga akuonyeshe wakati wenyewe.

Sasa kibao nilichouziwa kina pini nne tu, na pini ya mpigo haipo. Mpigo upo, lakini umepelekwa kwenye kataa kekundu kanakokonyeza kila sekunde. Nikakipeleka kwa fundi wa simu pale kwenye kona ya steji.

"Unataka niunge waya kwa taa?"

"Hapo kando ya taa, fundi. Kwa ile rizista."

"Ya nini?"

"Nataka kujua saa."

Alinitazama, akaangalia saa ya ukutani nyuma yake, akanitazama tena. Lakini aliunga. Mkono wake hautetemeki hata kidogo, na waya ule mwembamba kama unywele uko pale mpaka leo.

Antena ilihitaji kuona anga. Ploti za huku zimebanana mpaka ukinyoosha mkono dirishani unasalimiana na jirani, kwa hivyo hakuna la kufanya ila paa, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Nilisoma kwamba antena hizi ndogo husikia vizuri zaidi zikiwekwa juu ya bamba la chuma. Mathe wangu alikuwa amekuja kunitembelea wiki hiyo, na kifuniko cha ile sufuria kubwa ya ndengu kilikuwa na ukubwa kamili. Idadi ya setilaiti nilizosikia ikapanda. Mathe aliuliza kifuniko kiko wapi, nikamwambia kiko kazini.

Mara ya kwanza unapowasha unahitaji subira. Ujumbe kamili wa setilaiti unachukua dakika kumi na mbili na nusu kusomwa wote. Ndani yake kuna habari moja ndogo ambayo ukiikosa unapotoka: saa ya GPS na saa ya dunia zinapishana kwa sekunde 18 kamili. Dunia haizunguki sawasawa, na mara kwa mara sekunde imeongezwa kwenye saa yetu ya kawaida, ya mwisho ikiwa mwisho wa 2016. GPS haikufuata, ilikataa kuongeza. Kipokezi cha zamani kinaweza kukupa saa iliyopishana kwa sekunde chache mpaka kisome ujumbe wote. Na wiki zake zinahesabiwa hadi 1,024 halafu zinarudi sifuri. Ilitokea hivyo Aprili 2019, na vifaa vingine vizee vikarudi nyuma karibu miaka ishirini kwa usiku mmoja. Kwa hiyo hata mbinguni unauliza maswali.

Programu niliyochagua inaitwa chrony. Faili yake ya maagizo ni fupi. Mstari mmoja unaitambulisha sentensi, na nikaweka neno la kuizuia isichaguliwe peke yake. Mstari wa pili ndio roho ya kazi:

refclock PPS /dev/pps0 lock NMEA

Yaani, chukua mpigo, lakini jina la sekunde uliza kwa sentensi. Nikaongeza seva za ke.pool.ntp.org ili intaneti ikiwepo kuwe na mashahidi wa nje. Halafu agizo la kuruhusu saa kuruka mara moja ikiwaka. Hili ni muhimu kwa watu wa stima kama yetu. Kwa kawaida programu hizi hazipendi kuruka, zinaharakisha au kupunguza mwendo wa saa taratibu. Ile programu ya asili ya Mills ikikuta tofauti ya zaidi ya sekunde 1,000 inaamua kuna kitu hakiko sawa na inajizima yenyewe, usipoiambia mapema. Ni busara, lakini aliyeiandika hakuwa anaishi mtaa ambao stima inaenda mara tatu kwa wiki.

Siku mbili haikufanya kazi. Kosa lilikuwa langu: ule mlango ambao kipokezi kinaongelea, Raspberry Pi yenyewe ilikuwa inautumia kwa ujumbe wake, wanaingiliana kama watu wawili kwenye simu moja. Nilipouzima ujumbe huo, nikaandika chronyc sources, nikasubiri. Kando ya jina la kila chanzo programu huweka alama. Alama ya swali ni kwamba bado hajulikani. Herufi x ni mwongo. Na yule anayeaminiwa kuliko wote anawekewa kinyota. Ilikuwa saa nane usiku. Alama ya swali ikakaa, ikakaa, kisha kando ya PPS pakatokea kinyota. Kosa lilisomeka kwa mikrosekunde. Nilitoka nikasimama kwenye paa na boksa na sweta, nikakitazama kifuniko cha sufuria.

Kuna msee aliniambia ningeweza kununua tu betri ya kitufe ya shilingi hamsini nikaiweka kwenye DVR. Niliiweka pia, ana haki. Lakini betri inakumbuka tu kile ulichoiambia, na keateka ndiye aliyekuwa anaiambia.

Kuiunganisha DVR kulinichekesha. Ilikuwa imewekwa majira ya China tangu itoke kiwandani, saa nane mbele ya Greenwich, na keateka alikuwa akisahihisha kwa mkono bila kujua anapigana na nini. Nikaiweka tatu. Hiyo tatu nayo tumeizoea kama vile ilikuja na Mlima Kenya, lakini kuna miaka ya ukoloni Nairobi ilikaa saa mbili na dakika 45 mbele, robo saa nyuma ya sasa. Kompyuta bado zinaikumbuka hiyo robo kwenye orodha zao za majira.

Kisha kuna tatizo ambalo chrony haiwezi. Keateka anaandika kitabu cha geti kwa saa ya Kiswahili, DVR inaandika ya Kizungu. Aliandika "saa moja" na DVR 19:00, na wote wako sawa. Nimemchorea jedwali dogo ukutani. Halitazami, anajua kichwani, ni mimi ndiye ninayelitazama nikisoma kitabu chake.

Wiki tatu baadaye stima ilipotea tena, jioni, faiba nayo ikaenda. Nilikuwa chini kwa mama wa chapo. Iliporudi nilipanda mbio. Rauta iliwaka ikiwa 1970 kama kawaida yake, ikaiuliza Pi, Pi ikawa bado inasubiri setilaiti, ikasema haijui. Hilo nalipenda, kwamba inaweza kusema haijui. Kisha 1970 ikabadilika kuwa leo. Ndani ya dakika tatu DVR nayo ikawa sawa, na kwenye rekodi kulikuwa na pengo, pengo la wazi, lenye mwanzo na mwisho.

Nilitaka kumwonyesha yule kijana. Lakini tangu usiku ule alikuwa akipita geti bila kusalimia mtu, vocha alinunua kwa simu asije mlangoni kwangu, na mwisho wa mwezi alihama. Mkokoteni ulikuja asubuhi. Kitanda, meko, ndoo mbili, na lile begi mgongoni. Nikamsaidia kushusha godoro. Tulipofika geti keateka akasema anatakiwa kuandika vitu vinavyotoka, ni sheria ya landilodi kwa kila anayehama. Kijana akasimama, mikono mfukoni, akiangalia barabara. Keateka akainua macho kwenye skrini ya DVR, akasoma 10:07, akainama, akaandika: saa nne na dakika saba.